Kusaka shakwe adimu Mto Niagara wakati wa baridi: mwongozo kamili

Novemba ikifika katikati, watalii wameshaondoka Niagara, hoteli zimeshusha bei, na juu ya korongo la mto wamebaki watu wachache waliojifunga kama mabelo ya mitumba, macho tu yanaonekana. Wanasimama kwenye upepo saa tatu mfululizo wakitazama chini. Anayepita na gari hudhani kuna mtu ametumbukia. Hakuna aliyetumbukia. Wanatazama shakwe.

Mto wenyewe una urefu wa kilomita 58 hivi, unatoka Ziwa Erie kwenda Ziwa Ontario, Kanada upande huu na Marekani upande ule. Kila mwanzo wa baridi shakwe zaidi ya laki moja hukusanyika humo, na aina 19 za shakwe zimeshaandikwa kwenye mto huu mmoja. Mnamo 1996 ulitambuliwa kuwa eneo muhimu la ndege kwa ngazi ya dunia nzima, na waliochangia zaidi hadhi hiyo ni hao hao ndege ambao wengi wetu tunawaona kama wezi wa chipsi.

Mimi nimekulia Mwanza. Shakwe kwangu walikuwa sehemu ya mwaloni Kirumba, pamoja na harufu ya dagaa na kelele za wachuuzi. Nilipohamia Hamilton sikujua kuwa kuna watu wanaendesha gari kwa muda wa saa sita kwenda kumtazama mmoja. Leo mimi ni mmoja wao, na mwongozo huu nauandika kwa Mswahili aliyeko Toronto, Hamilton, Buffalo au Rochester, mwenye siku moja ya mapumziko, ambaye hajawahi kushika darubini.

Jambo la kwanza na la msingi: shakwe adimu hatafutwi. Mama anapochambua mchele kwenye ungo hatafuti jiwe. Macho yake yanapita juu ya punje, moja baada ya nyingine, na jiwe lenyewe ndilo linalomkwama. Lakini angekuwa hajui punje ya mchele ilivyo, angechambua mpaka jioni na wali ungevunja watu meno. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mchele, yaani shakwe wa kawaida.

Neno moja kuhusu majina. Kiswahili kina shakwe na kina buabua, ila shakwe wa Aktiki hawajazoeleka kwetu kiasi cha kupewa majina yao. Mengi ninayotumia hapa ni ya kwetu sisi watatu tunaokwenda pamoja. Nimeambatanisha jina la kisayansi ili uwapate kitabuni.

Kwa nini mto huu

Sababu ni chakula, na chakula hicho kwa sehemu kubwa kinaletwa na umeme. Chini ya maporomoko kuna vituo vikubwa viwili vya kufua umeme vinavyotazamana: Sir Adam Beck upande wa Kanada, na Robert Moses upande wa Marekani, kilichofunguliwa 1961. Visamaki vya ukubwa wa dagaa hupita kwenye mitambo na kutokea upande wa pili vimelewa au vimekufa. Maji hapo yanachemka kama sufuria ya ugali, hayagandi hata Januari, na shakwe wanaokota tu.

Kuna na sababu ya pili ambayo wageni wengi hawaijui. Kwa mkataba wa mwaka 1950 baina ya Kanada na Marekani, saa za watalii wakati wa kiangazi maji yanayoachwa yapite juu ya maporomoko hayatakiwi kupungua mita za ujazo 2,800 hivi kwa sekunde. Usiku, na mchana kutwa kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, inaruhusiwa nusu yake. Yanayobaki yanakwenda kwenye umeme. Kwa hiyo wakati wa baridi miamba iliyo juu ya maporomoko inajitokeza, na shakwe wanaikalia kwa mamia kama watu kwenye baraza. Ndege aliyekaa unaweza kumsoma mpaka kucha.

Hatua ya kwanza: chagua siku

Wiki nzuri kuliko zote ni kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Hapo shakwe wadogo bado ni wengi na wale weupe wa kaskazini wameanza kushuka. Januari na Februari wadogo wengi wamekwenda zao kusini, lakini weupe wanaongezeka, hasa barafu ikiziba maziwa na kuwasukuma wote kwenye maji machache yaliyobaki wazi.

Usikimbilie siku ya jua kali. Jua linatia kivuli kwenye migongo, na kivuli kinabadilisha rangi ya kijivu, na rangi ya kijivu ndiyo mtihani wenyewe. Mawingu mepesi, bila mvua, ni bora. Ukungu wa maporomoko unafuata upepo, basi ukiona upepo unaelekeza mvuke barabarani, anzia kituo kingine. Miwani na darubini zitalowa kabla hujaona kitu, na ikiwa ni chini ya sifuri zitagandia hapo hapo.

Desemba jua linachomoza saa moja na nusu na ushee asubuhi, na linazama mnamo saa kumi na moja kasorobo jioni. Siku ni fupi. Mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili gizani, chai iko kwenye chupa.

Hatua ya pili: vifaa, na jinsi ya kutoganda

Darubini iliyoandikwa 8x42 inatosha kuanzia. Nane ni mara inazokuza, 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usidanganywe na zile za mara ishirini na tano zinazouzwa kwa bei ya kutupa: mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege anacheza sindimba. Teleskopu ya kuwekwa kwenye stendi ya miguu mitatu, ya kukuza mara 20 mpaka 60, ndiyo inayofungua mchezo wa shakwe, lakini ni ghali. Usiinunue mwaka wa kwanza. Simama karibu na wenye nazo, salimia, uliza wameona nini. Mara tisa kati ya kumi wataisogeza kwako wenyewe bila kuombwa. Hawa ni watu wanaokaa peke yao kwenye baridi na wana hamu ya mtu wa kumwonyesha.

Mavazi nitayataja upesi kwa sababu kila aliyeishi huku baridi moja anayajua: nguo ya ndani ndefu, sufu, kizuia upepo, buti zenye nafasi ya soksi mbili. Tofauti yake na siku za kawaida ni kwamba hapa hutembei. Unasimama. Nyuzi joto tano chini ya sifuri ukiwa umesimama juu ya saruji ni kama kumi na tano chini ya sifuri ukiwa unatembea. Leta kipande cha kadibodi au zulia ukanyage juu yake. Wazungu walinicheka, wiki iliyofuata wawili walikuwa na vyao.

Glavu ziwe za kufunguka ncha za vidole. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, vinginevyo betri itakufa ikiwa bado na asilimia arobaini. Usipumue juu ya kioo. Usitazamie ndani ya gari lenye hita huku dirisha liko wazi, maana hewa ya moto inapokutana na ya baridi kila kitu kinatikisika kama lami ya Shinyanga saa nane mchana. Na ukirudi nyumbani acha darubini ndani ya begi lake mpaka ipate joto taratibu, la sivyo itajaa ukungu.

Hatua ya tatu: jifunze mchele, tena karibu na nyumbani

Wiki mbili kabla ya safari, nenda maegesho ya supamaketi yoyote. Usicheke. Kaa ndani ya gari, na uwatazame shakwe walio mita tano mbele yako. Karibu wote watakuwa shakwe-pete (Larus delawarensis): mgongo wa kijivu hafifu, miguu ya njano, jicho jeupe-njano, na pete nyeusi imezunguka mdomo wa njano karibu na ncha. Mtazame mpaka umchoke. Mtazame akikaa, akiruka, akigombea kipande cha mkate. Ukishaweza kumtambua kwa pembe ya jicho, umeshapata nusu ya ungo.

Kisha nenda bandarini au kando ya ziwa umtafute shakwe wa bandari (Larus smithsonianus). Ni mkubwa zaidi, mgongo kijivu cha karibu sawa, lakini miguu yake ni ya pinki, na mdomo una doa jekundu badala ya pete. Baridi kichwa chake hupakwa michirizi ya kahawia, anaonekana kama ameamka sasa hivi. Huyu ndiye kipimo cha Niagara. Kila shakwe mkubwa utakayemwona, utamlinganisha na huyu: mgongo wake umekolea zaidi au ni mwepesi zaidi? Mkubwa au mdogo?

Wa tatu ni shakwe jitu (Larus marinus), mgongo mweusi kama sufuria ya kuni, miguu ya pinki iliyopauka, na mabawa yanayofika upana wa mita moja na nusu na zaidi. Huyu hana haja ya maelezo. Akitua, wengine wanasogea.

Wa nne hutampata supamaketi: shakwe-doa (Chroicocephalus philadelphia). Ni mdogo, mwepesi, anaruka kama buabua. Mdomo mwembamba mweusi, miguu ya pinki, na wakati wa baridi doa moja jeusi nyuma ya jicho, kana kwamba amechovya kidole kwenye wino akajikuna. Ukingo wa mbele wa bawa una kabari nyeupe inayong'aa hata kwa mbali. Niagara wanakuja kwa makumi elfu. Kiangazi wanataga juu ya miti misituni kaskazini, jambo ambalo shakwe wengi hawafanyi.

Sasa onyo kuhusu vijana. Shakwe hazaliwi na mavazi ya kiutu uzima. Shakwe-doa anakomaa mwaka wa pili, shakwe-pete wa tatu, shakwe wa bandari wa nne, na kila mwaka ana sura yake. Wengi wa kahawia kahawia unaowaona ni watoto wa aina hizo hizo nne. Msimu wako wa kwanza, waache. Nasema kweli, waache tu wapite. Nimeona watu wakikata tamaa kabisa na ndege kwa sababu walianza na shakwe wa kahawia.

Hatua ya nne: vituo vya siku

Asubuhi anza juu ya maporomoko, upande wa Kanada, kwenye miamba na lango la kudhibiti maji. Kuna jahazi la chuma lililokwama hapo tangu Agosti 1918, na dhoruba ya tarehe 31 Oktoba 2019 ililisogeza kidogo likakwama tena. Linafaa sana kwa kuelekezana: "kushoto kwa jahazi, mwamba wa pili, wa tatu kutoka mwisho." Bila alama kama hiyo mtatukanana. Hapa chambua waliokaa. Anza ncha moja ya safu, sogeza teleskopu polepole, kila ndege mpe sekunde mbili. Usiruke. Ukifika mwisho rudi, maana nusu yao walikuwa wamefunika kichwa kwenye bawa. Chunguza pia ukingo wa maji chini ya miamba. Huenda ukabahatika kumwona sululu wa miamba (Calidris maritima), ndege mnene wa rangi ya jiwe lililolowa, anayetembea pale ambapo wimbi limepiga sasa hivi.

Saa nne au tano shuka kwa gari mpaka sehemu ya kutazamia mbele ya kituo cha Adam Beck, si mbali na ile saa kubwa ya maua. Hapa ndipo moyo unapokwenda mbio. Uko juu ya ukuta wa korongo, na chini yako maelfu ya ndege wanazunguka juu ya maji meupe. Mara ya kwanza utaona theluji inayopanda na kushuka, basi. Usijaribu kumfuata ndege mmoja, atakupoteza. Chagua eneo moja la maji, kwa mfano pale povu linapoanza kutulia, funga teleskopu hapo, na waache wao wapite mbele yako. Baada ya nusu saa macho yanazoea, na mwenye tofauti anajitenga mwenyewe.

Kumbuka kwamba hapa unawatazama kutoka juu. Unaona migongo na juu ya mabawa. Tumbo na chini ya bawa unaviona tu wakiinama kugeuka. Ndiyo maana kituo kinachofuata, gati ya mashua ya Queenston, ni muhimu: pale uko usawa wa maji, na kilichokuwa kimefichika kinafunuka.

Jioni malizia Niagara-on-the-Lake, mto unapoingia Ziwa Ontario, ng'ambo ya Fort Niagara. Mnamo saa kumi shakwe-doa wanaanza kutoka mtoni kwenda kulala ziwani, mstari baada ya mstari, chini chini juu ya maji. Simama na ukingo, mwanga ukiwa nyuma yako, uhesabu kwa makumi.

Hatua ya tano: jiwe kwenye mchele

Sasa wale uliowafuata. Nitawapanga kwa swali unalojiuliza, si kwa ukoo.

Ukiwa unatazama shakwe-doa elfu tatu, swali ni moja: chini ya bawa pakoje? Shakwe-doa ni mweupe chini ya bawa. Akigeuka mmoja na chini ya bawa pakawa peusi kama mkaa, huku juu hana weusi wowote kwenye ncha, huyo ni shakwe kibete (Hydrocoloeus minutus), mdogo kuliko shakwe wote duniani. Siku niliyompata wa kwanza nilikuwa Queenston, mikono imekufa ganzi. Waligeuka kumi kwa pamoja: nyeupe, nyeupe, nyeupe, nyeusi. Nikapiga kelele "huyo!" kwa Kiswahili, na mzee wa Kikanada aliyekuwa kando yangu akageuza teleskopu yake mahali pale pale. Bawa lake lilikuwa la mviringo kuliko ya wenzake, na anapiga haraka kidogo, kama mtoto anayejitahidi kutembea na wakubwa.

Weusi ukiwa ncha tu ya chini ya bawa, na mdomo ni mwekundu badala ya mweusi, mfikirie Chroicocephalus ridibundus kutoka ng'ambo ya Atlantiki. Hapa anafukuziwa na magari. Ndege huyo huyo hufika maziwa ya Bonde la Ufa, Kenya, kila msimu wa baridi ya Ulaya, na hakuna anayefunga breki kwa ajili yake.

Ukiwa unatazama wakubwa waliokaa, swali ni ncha za mabawa: kuna weusi? Shakwe wa bandari ana ncha nyeusi. Asiye nao ni mmoja kati ya wawili. Shakwe barafu (Larus glaucoides) ana kichwa cha mviringo, mdomo mfupi, sura ya upole, na mabawa marefu yanayopita mkia. Shakwe theluji (Larus hyperboreus) ni jitu, kichwa bapa, mdomo wa kazi. Kijana wa shakwe theluji ana mdomo wa pinki wenye ncha nyeusi iliyokatwa kama kwa rula. Shikilia alama hiyo, nitairudia.

Ukiona mgongo uliokolea, uliza miguu. Pinki, ni shakwe jitu. Njano, na mwenyewe ni mwembamba, mdogo hata kuliko shakwe wa bandari, ni Larus fuscus. Huyu mimi sina haja ya kitabu. Ndiye aliyekuwa akija mwaloni Kirumba. Wale wa Mwanza wanatoka Finland na pwani za Baltiki, wanapita juu ya Misri na Sudan mpaka Ziwa Victoria, na migongo yao ni myeusi zaidi. Hawa wa Niagara ni ndugu zao wa magharibi, wa upande wa Iceland na Greenland, na mgongo wao ni kijivu cha jivu lililolowa. Lakini miguu ya njano ni ile ile, na ile tabia ya kusimama pembeni kidogo ya kundi kama mgeni harusini ni ile ile.

Halafu kuna wazamiaji. Sisi vijana wanaojificha melini kwenda Ulaya tunawaita hivyo, na sijapata neno bora kwa ndege aliyetokea bara jingine. Wengi ni vijana wa mwaka wa kwanza: dira yao ya kuzaliwa imekosea upande, au dhoruba imewabeba, au wamefuata kundi la wenyeji wakiamini linakwenda kwao. Mto huu umeshapata wa nyanda za magharibi, wa Pasifiki, na wa Aktiki. Kwa anayeanza, inatosha kujua alama tatu. Mtoto wa Rissa tridactyla ana herufi M nyeusi juu ya mabawa na kola nyeusi shingoni nyuma. Xema sabini, anayepita mapema, Septemba na Oktoba, ana pembetatu tatu kwenye bawa, nyeusi, nyeupe na ya kijivu, utadhani kitenge. Na Larus californicus ana jicho jeusi na miguu ya njano inayoelekea ukijani, katikati ya umati wa macho meupe.

Hatua ya sita: jitilie shaka

Mwaka wangu wa pili, Januari, niliona juu ya maporomoko shakwe mkubwa mweupe tupu. Mweupe kuliko theluji ya pembeni yake. Sikusubiri. Nikapiga picha kwa simu kupitia teleskopu, nikatupa kwenye kundi la WhatsApp: "Shakwe theluji, sasa hivi, kulia kwa jahazi!" Watu wanne waliacha walichokuwa wakifanya wakaja.

Dada mmoja alifika, akatazama kimya dakika nzima, akaniuliza swali moja: "Mdomo wake una rangi gani?" Nikatazama. Mweusi, isipokuwa kwenye shina ambako ulififia taratibu kuwa pinki chafu. Hakuna rula iliyokata hapo. Nikamtazama tena mwili mzima na sasa nikaona kwamba ukubwa wake ni sawasawa na wa shakwe wa bandari aliyekuwa kando, kichwa ni chake, kila kitu ni chake isipokuwa rangi. Alikuwa shakwe wa bandari aliyezaliwa na upungufu wa rangi kwenye manyoya. Weupe ulinipofusha nisiulize la pili.

Tangu siku hiyo nina sheria: alama tatu zinazokubaliana, au sitangazi. Rangi pekee haihesabiki. Na kabla ya kufungua kitabu naandika nilichoona, maana ukishaona picha kitabuni macho yanaanza kukumbuka yasichokiona. Zaidi ya hapo kuna machotara: shakwe theluji huzaa na shakwe wa bandari, na watoto wanakuwa na nusu ya kila kitu. Ukikutana na asiyekaa upande wowote, huenda ndiye.

Programu ya kutambua ndege iitwayo Merlin, ya kwenye simu, inasaidia kwa ndege wengi, ila kwa shakwe wa kahawia inabahatisha kama sisi. Itumie kama rafiki mwenye maoni.

Mambo ya watu

Ndege anavuka mpaka mara hamsini kwa saa. Wewe usijaribu bila kukagua karatasi zako. Kama kesi yako ya hifadhi bado inaendelea, au kibali chako kina mashaka, kaa upande uliopo. Shakwe theluji aliyeko Goat Island, upande wa Marekani, mchana huu anaweza kuja kukaa Kanada kabla hujamaliza chai.

Na kwa sisi weusi kuna neno moja zaidi. Mtu mweusi aliyesimamisha bomba refu akalielekeza kwenye kituo cha umeme kilichoko mpakani, ipo siku ataulizwa. Mimi nimeulizwa mara mbili. Kaa sehemu za umma zilizotengwa, kitabu cha ndege kiwe wazi mbele yako, na jibu kwa utulivu. Mlinzi wa mara ya pili niliishia kumwonyesha shakwe jitu akila samaki, akaondoka dakika ishirini baadaye. Haikuwa sawa kuulizwa, lakini siku iliendelea. Mnamo 2020, baada ya mwanamke mzungu kumwitia polisi Christian Cooper, mtazamaji ndege mweusi, kule Central Park, New York, watazamaji ndege weusi walianzisha wiki yao, na tangu hapo nakutana na sura zetu mara nyingi zaidi.

Ukisikia mzamiaji ametangazwa na ukaamua kumfuata, nenda mapema, egesha kwa adabu, usivuke uzio wowote, kwani korongo hili halisamehi. Usirushe mkate kumvuta. Na uwe tayari kumkosa. Tai mkubwa wa bahari wa Siberia (Haliaeetus pelagicus) aliyeonekana Alaska 2020 alifika Massachusetts Desemba 2021, kisha Maine, na watu waliendesha usiku kucha wakakuta tawi tupu.

Hatua ya mwisho: andika

Jioni ile ile, kabla ya kuoga, jaza orodha kwenye eBird, daftari la mtandaoni la watazamaji ndege. Ni bure, inaendeshwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, na imekuwepo tangu 2002. Weka saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kituo, na hesabu ya kila aina, hata shakwe-pete. Hapo hapo unaweza kuomba upokee tahadhari za ndege adimu wa eneo lako kwa barua pepe, kila siku au kila saa. Ukiandika adimu, mhakiki wa eneo atakuuliza, naye si polisi. Mtumie picha hata iwe ya ukungu, na yale maandishi uliyoandika kabla ya kitabu. Aina adimu kabisa Ontario hupitiwa na kamati ya kumbukumbu za ndege ya mkoa.

Orodha yangu ya Jumamosi iliyopita, Queenston mpaka ziwani: shakwe-doa 2,100, shakwe-pete 460, shakwe wa bandari 350, shakwe jitu 22, shakwe barafu 2, Larus fuscus 1, shakwe kibete 1. Na mstari wa chini kabisa, ambao eBird inauruhusu na ambao kwangu haujawahi kukosa namba: shakwe wasiotambulika, 140.